Damu Mbili Katika Kadi Moja

Honorine alikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kikohozi. Hilo alilirudia baadaye mara nyingi, kwa mumewe, kwa wanawake wa jumuiya, hata kwa nafsi yake alipokuwa akipanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, kwenye meza yake sokoni Kamembe. Alikwenda kwa kikohozi tu, kikohozi cha moshi wa jiko, akitaka dawa ya maji ya kunywa vijiko viwili na kurudi kazini kabla jua halijaharibu samaki. Hakumwomba mtu yeyote amwambie habari za figo.

Muuguzi Izabayo alimpima presha, akaandika kwenye ile tableti waliyoletewa tangu mwezi wa pili, kisha akanyamaza. Izabayo si mtu wa kunyamaza. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya kuita wagonjwa mpaka walioko barabarani wageuke, na ukimwona ameshika kidevu ujue kuna neno. Akageuza kioo cha tableti. Kwenye faili la matibabu, mbele ya jina la Honorine, palikuwa na mstari mwekundu.

"Maman Benitha, ikala muzuri," alisema, akimsogezea kiti. "Iyi mashini inasomaka fishi ya kila muntu. Baliifundisha na mafishi ya bagonjwa elfu na elfu, njo inajua namna ugonjwa unaanzaka. Inaunganisha presha, mukojo, damu, vyote. Fishi yako inasema ni mafigo."

"Mafigo ya nani?"

"Yako. Inasema yanaanza kufa. Tisini juu ya mia."

Honorine alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyesukumwa na asiyemjua, na kiliisha palepale, maana Izabayo hakucheka naye. Muuguzi alianza kumsomea siku zote alizofika pale tangu mwaka kuanza. Zilikuwa saba. Alizisoma moja moja, na kila tarehe na vipimo vyake.

"Tarehe kumi na ine ya mwezi wa tano, presha yako ilikuwa juu, mukojo ulikuwa na protini. Tulikwambia urudi kiisha wiki mbili. Unakumbuka?"

Tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano Honorine alikuwa Nkanka, kwenye msiba wa shangazi wa mumewe, Cassien. Alipika ndizi siku hiyo kwa sufuria tatu kubwa. Hakukanyaga kituo cha afya. Alifungua kinywa aseme hivyo, akainua macho, akaiona karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya kichwa cha Izabayo, ile inayosema kwamba kadi ya mituweli, yaani bima ya afya, ni ya mwenyewe, na kwamba atakayeiazima ataondolewa yeye na nyumba yake yote. Akafunga kinywa.

"Ninakumbuka," alisema.

"Alhamisi daktari atakuya hapa. Saa tatu. Kuya na Papa Benitha, na usikule chumvi."

Alitoka akiwa ameisahau hata dawa ya kikohozi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Honorine ana mdogo wake, Patricie, anayeishi Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani. Wamefanana mpaka wateja wa sambaza huwachanganya. Sura moja, unene mmoja, hata viatu wanavaliana. Mwezi wa tatu Patricie alivuka akiwa na homa kali, na kule kwake hospitali inataka pesa mkononi kabla daktari hajakuangalia usoni. Honorine akampa kadi yake na kitambulisho chake, kama ambavyo angempa kanga ya kujifunika mvua. Watu wangapi wa pande hizi wamefanya hivyo? Hakuna aliyeuita wizi. Patricie akatibiwa malaria kwa jina la dada yake, akapona, habari ikaisha. Kadi ilikaa kwenye kopo la chai juu ya kabati, na Patricie alijua ilipo.

Sasa Honorine alikuwa akipanda barabara ya soko, swali moja likimzunguka kichwani. Katika siku zile saba, ngapi zilikuwa zake? Maana ile mashine iliona damu mbili ikadhani ni moja, na mmoja wao, yeye au mdogo wake, alikuwa na figo zinazokufa. Hakujua ni nani. Akisema ukweli, kadi ya nyumba nzima inakwenda, na kwenye kadi hiyo ndiko inakotoka dawa ya kifafa ya binti yake Benitha kila mwezi. Akinyamaza, mtu atakufa, na huenda mtu huyo ni yeye.

Aliogopa kweli. Aliogopa mpaka akapita meza yake mwenyewe bila kuiona.

*

Cassien, mumewe, ni mwashi, mtu wa maneno machache. Alipoambiwa aliweka sahani chini.

"Nani amesema?"

"Mashini."

"Na Izabayo?"

"Izabayo anasema mashini inajua kumupita."

Cassien alinawa mikono. Kisha akavaa koti, akatoka bila kumaliza chakula, na kama ilivyo desturi ya mtu wa kimya aliyepatwa na msiba, akaenda kumweleza mtu wa kwanza aliyemwamini. Bahati mbaya mtu huyo alikuwa Mama Mukagasana, mkuu wa wanawake wa jumuiya yao kanisani, ambaye hakuwahi kupata habari akakaa nayo peke yake.

Jumatatu mchana wakaja wanawake wanane. Walileta maziwa, unga wa mtama, na bahasha ambayo Mukagasana alimkabidhi Cassien kwa mikono miwili, akisema ni kidogo, ni cha kuanzia, kwa ajili ya figo. Walikaa kuzunguka Honorine wakimtazama miguu.

"Imevimba kweli," alisema mmoja, kwa huruma.

Honorine naye akaitazama. Miaka kumi na miwili ameisimamia miguu ile sokoni kuanzia asubuhi, na kila jioni huvimba, na hakuna siku aliyowahi kuitia maanani. Leo aliiona kama miguu ya mtu mwingine. Mgongo wake nao ulianza kuuma, pale pale ambapo mwanamke mmoja alisema figo zinakaa. Kikombe cha maziwa alichopewa alikiweka chini kabla hakijaisha. Ikiwa ugonjwa si wake, basi alikuwa anakunywa maziwa ya mtu mwingine, na ikiwa ni wake, ni nani atakayempa Benitha vidonge vyake asubuhi na jioni bila kusahau?

Wakaanza kuimba. Honorine alifumba macho, wanawake wakadhani anasali pamoja nao. Alikuwa anasali kweli, ila sala yake ilikuwa fupi, na aliisema kwa lugha ya nyumbani kwao, bila kupamba.

Mungu wangu, ikuwe Patricie.

Alipoisikia ndani yake alishtuka akafumbua macho, kana kwamba mtu ameisema kwa sauti. Wanawake walikuwa bado wanaimba. Akafumba tena, akajaribu kuomba vinginevyo, maneno hayakuja. Lile la kwanza ndilo lililorudi.

*

Jumanne Patricie alivuka kununua sambaza za kwenda kuuza Bukavu, kama kawaida yake. Honorine alimvuta nyuma ya ghala la mkaa, mahali ambapo hapapiti watu.

"Kadi yangu ulienda nayo mara ngapi?"

"Kadi gani, yaya?" Ndivyo alivyozoea kumwita dada yake.

"Patricie."

"Mara moja. Ile ya malaria." Patricie alitazama pembeni. "Mbili."

"Patricie!"

"Ine. Ao tatu. Miye sikuandika! Kichwa kilikuwa kinaniumaka, ninapita pale kwako, weye uko sokoni, ninabeba kadi, ninarudisha. Nilikwibia kitu?"

Honorine akamweleza. Alimweleza yote, mstari mwekundu, tisini juu ya mia, na daktari wa Alhamisi. Patricie alisikiliza huku akishika ndoo yake tupu kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. Honorine aliuona uvimbe ule, na akaona aibu jinsi moyo wake ulivyoruka kwa matumaini.

"Uso wako uko na nini?"

"Ni usingizi. Na miguu yako iko na nini?"

"Ni kusimama."

Wakatazamana. Kisha wakaanza kugawana zile tarehe, na hapo ndipo Honorine alipojua kwamba mdogo wake pia anaogopa, maana kila mmoja alikuwa akisukuma tarehe mbaya kwa mwenzake. Ile ya Nkanka Patricie aliikubali kwa shida. Nyingine wakaelewana. Ikabaki tarehe sita ya mwezi wa sita, siku ambayo damu ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Patricie aliapa si yeye. Honorine naye hakukumbuka kabisa, lakini aliapa vilevile.

"Tuiache hivi," Patricie alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Weye Alhamisi unaenda kwa daktari. Anakuandikia bidonge kwa kadi. Unabichukua, tunagawanya. Nusu yako, nusu yangu. Mwenye kuwa na ugonjwa atapona."

"Na asiye nao?"

"Bidonge biliua nani?"

Honorine alisimama pale karibu na magunia ya mkaa, na wacha tuseme ukweli, alilifikiria. Lilikuwa wazo zuri kwa mtu mwenye hofu. Kadi ingebaki, Benitha angepata dawa zake, hakuna ambaye angeaibika, na pengine nusu ya dawa ingetosha. Pengine. Akamwona Patricie akiinama kuinua ndoo, akashika ukuta kwanza, akapumua, ndipo akainua. Ndoo ilikuwa tupu.

"Alhamisi saa tatu kuya," Honorine alimwambia. "Na ulete lesepase yako, ile yenye mihuri ya mpakani."

"Siendi. Bakinifunga?"

"Kuya, Patricie. Ninakuomba."

*

Patricie alikuja. Alichelewa, alikuja na gauni ambalo zamani lilikuwa la Honorine, na alikaa mwisho kabisa wa benchi kama mtu aliyefuatana na wengine tu. Cassien alikuwa katikati yao, koti limefungwa vifungo vyote. Hakuwa ameambiwa kitu. Mkewe alikuwa amejaribu mara tatu tangu Jumanne, na kila mara alimtaja Benitha halafu akanyamaza.

Wakiwa wanasubiri, Patricie aliinama mbele ya magoti ya shemeji yake, akamnong'oneza dada yake.

"Yaya, usikasirike. Niliomba Mungu ikuwe weye."

Honorine alimgeukia.

"Juu weye uko na kadi," Patricie alisema. "Kama ni weye, watakutunza. Kama ni miye, nitaenda wapi?"

Honorine alitazama sakafu. Mdogo wake alikuwa amemwombea ugonjwa, na alikuwa na sababu. Yeye alipomwombea Patricie hakuwa na sababu yoyote isipokuwa woga. Alitaka kumwambia, ulimi ukakataa, na Izabayo akaita jina lake kwa sauti ile ya kugeuza barabara.

Waliingia wote watatu chumbani kwa muuguzi. Honorine alianza kusema yote ya kadi kabla hajakaa, na alisema kwa haraka, akiogopa kwamba akipumzika hataendelea. Mlango ulikuwa wazi. Benchi lote lilinyamaza kusikiliza, mama mmoja akamtuliza mtoto ili asipitwe na neno. Cassien aligeuka akamtazama mkewe, kisha shemeji yake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Unaelewa ulifanya nini?" Izabayo alisema. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Leo daktari angekupatia dawa ya figo za muntu mwingine! Na uyu angerudi kwake kukufa polepole. Mashini haikukosea, Maman Benitha. Inasoma kile tunaiandikia. Ni mweye mulinidanganya, na miye nikaidanganya."

"Unisamehe, Muganga."

"Na ripoti nitaandika. Siwezi ficha."

"Na dawa za mutoto wangu?"

Izabayo alikwenda kuufunga mlango. Aliporudi aliketi. Akaivuta tableti, akamuuliza Patricie jina lake lote, umri wake na anakoishi, akamfungulia fishi mpya. Patricie alilitaja jina lake taratibu, kwani katika chumba kile hakuwahi kulitumia. Mbele ya jina ukatokea mstari wa kijani.

Patricie alisimama. Uso wake ulifunguka wote.

"Mumeona? Kijani! Niko muzima. Yaya, umeona?"

"Ikala," Izabayo alisema, safari hii kwa upole. "Ni kijani juu haijui kitu. Kwa iyi mashini, umezaliwa sasa hivi."

Akaanza kuhamisha siku. Aliisoma kila tarehe kwa sauti, akauliza ni ya nani, akafunua lesepase ya Patricie kutafuta muhuri wa kuvuka, na akiridhika aliigusa siku ile kwa kidole akaipeleka inakostahili. Malaria ya mwezi wa tatu ikaenda kwa Patricie, kijani kikabaki. Kumi na nne ya mwezi wa tano ikaenda, na mstari wa Patricie ukawa wa njano. Wa Honorine ulikuwa bado mwekundu. Nyingine mbili zikabaki kwa Honorine, nyingine mbili zikahamia kwa Patricie, na rangi hazikubadilika. Honorine alikuwa ameshika ukingo wa meza, hasikii kitu ila pumzi yake.

"Tarehe sita, mwezi wa sita," Izabayo alisema. "Njo iyi yenye damu mubaya. Ya nani?"

Patricie alisogeza kiti chake nyuma. Muuguzi akafunua kurasa za lesepase. Muhuri ulikuwepo, aliingia asubuhi, alitoka mchana.

"Ninavukaka kila wiki!" Patricie alisema. "Muhuri hauseme nilikuya hapa. Hata yeye angeweza kuya."

Ni kweli, na Honorine alilijua hilo. Ingeweza kuwa yeye. Mbona alikuwa na kichwa kinauma mwezi ule?

"Tarehe sita," alisema Cassien. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. Alisema bila kuinua macho. "Benitha alianguka shuleni, mbele ya batoto bote. Ilikuwa siku ya kufunga mutihani. Tulikaa naye ku masomo mpaka saa tisa, mama yake alikuwa amemupakata. Hatukutoka." Akamgeukia shemeji yake. "Unisamehe, Patricie."

Izabayo aliweka lesepase mezani. Kisha akagusa kioo.

Mstari wa Honorine ukawa wa kijani. Wa Patricie ukawa mwekundu. Ilitokea kwa mara moja, bila sauti. Furaha ilimpiga Honorine kifuani kwa nguvu hata akaogopa kwamba itaonekana usoni, akainamisha kichwa, na machozi yaliyomtoka hakujua ni ya nini. Alikuwa mzima. Atamlea mtoto wake. Na aliyekaa karibu naye, amevaa gauni lake, alikuwa anakitazama kioo bila kupepesa.

"Irudishe," Patricie alisema.

"Nini?"

"Irudishe kwa jina lake, Muganga. Pale ilikuwa na kadi. Hapa kwangu haina kitu." Akamgeukia dada yake. "Yaya, umwambie. Umwambie airudishe."

Honorine alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umevimba, pete imezama kwenye nyama.

"Niliomba ikuwe weye," alimwambia. Hatimaye ulimi ulikubali. "Na miye niliomba. Siku mbili. Bila sababu, nilikuwa naogopa tu."

Patricie aliutazama mkono uliomshika. Hakuutoa mkono wake.

"Nihifadhi?" Izabayo aliuliza.

"Hifadhi," Honorine alisema.

Muuguzi akahifadhi. Akasema damu itachukuliwa upya kwa wote wawili leo hii, maana mashine si hakimu, na kwamba daktari atamwona Patricie wa kwanza. Akasema, akiwa anatafuta sindano kwenye droo, kwamba Maman Benitha apitie dawa za mtoto za mwezi huu sasa hivi, kabla ripoti haijaandikwa. Za mwezi ujao hajui. Kisha akasita, kwa sababu alikuwa amefika kwenye lile linalosemwa mwisho kila siku.

"Asiye na kadi analipa mwenyewe. Kipimo, na daktari. Mbele ya kuanza."

Patricie alisimama, akachukua lesepase yake mezani, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

Cassien alifungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. Akatoa mfukoni ile bahasha ya wanawake wa jumuiya, bado imefungwa vilevile alivyokabidhiwa, akaiweka mbele ya Izabayo kwa mikono miwili.

"Balituletea juu ya figo," alisema, akimtazama Patricie. "Figo njo iyi."